Swichi ya Waipa

Miaka tisa gari letu lilikuwa mifupa
chini ya mabati, nyuma ya zizi, hapa Chavakali.
Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva.
Mama alianika njugu mawe juu ya boneti,
boneti ya fiberglasi aliyoimwaga Baba mwenyewe
katika kalibu ya udongo, mvua ikaiwahi,
ndiyo maana upande mmoja imenuna.

Ikabaki dashibodi.
"Hapo ndipo gari hupata uso," alisema,
ameupakata ubao wa mvule
uliokuwa mlango wa kabati la nyanya.
Aliupiga msasa, akaupuliza,
akaukagua kwa shavu.
Macho yake yamebakiwa na kingo tu;
katikati, asema, kuna moshi usio na jiko.

Tulichora miviringo kwa mkebe wa Kimbo.
Spidomita ilitoka kwenye Landrova ya kiwanda cha chai,
inahesabu maili.
Geji ya mafuta ni ya Pijo iliyokufa Majengo,
na tangu uhai wake ni mwongo:
itasema nusu mpaka uteremke usukume.
Ya joto ni ya trekta, imeandikwa lugha
ambayo hata Kegode fundi umeme haijui.
"Lakini nyekundu ni nyekundu," akasema Kegode,
"haitaki mkalimani."

Wahenga walisema mengi, waya hawakuutaja.
Wa kahawia uende kwenye fyuzi,
wa kijani uende kwenye taa,
mweusi urudi kwao, kwenye chuma.
Siku mbili tulilala chali miguuni pa usukani,
Kegode na mimi, tochi mdomoni,
Baba akituuliza kutoka juu
kama mtu anayeuliza habari za wagonjwa.

Mimi nilitaka swichi za kufanana,
safu moja, zing'aazo, kama gari la kalenda.
Akakataa.
"Swichi pacha, Vihenda, ni za wenye macho."
Basi ya taa tukaivika kifungo cha koti lake la harusi.
Ya feni, kizibo cha soda kilichopondwa kwa nyundo.
Ya honi, ncha ya pembe ya yule fahali mweusi
aliyempandisha mwalimu mkuu juu ya mpera.
Usiku, peke yangu, nilifumba macho nikajaribu:
kifungo, kizibo, pembe.
Mkono haukukosea.
Nikaona haya kwa ile kalenda.

"Ya waipa," akasema Jumatatu, "iweke huku."
Huku kushoto.
"Huko ni kwa abiria, Baba."
"Ndiyo."
Akaanza kutafuta tupa juu ya meza,
tupa iliyokuwa mkononi mwake,
nami sikumwambia.

Nilitoboa. Keekee ilipoingia mvule
ulitoa pumzi yote ya lile kabati:
naftalini, sukari guru, shuka za wageni.
Tulisimama tukinusa, hakuna aliyetaka
kuwa wa kwanza kupuliza vumbi.

Saa tisa tukalisukuma hadi uani.
Halina namba, halina bima, mlango mmoja
umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Niliketi kulia. Yeye kushoto,
vidole vikitembea juu ya ubao
kama mtu anayesalimia wajukuu kwa vichwa vyao.
Hatukuwasha injini. Betri tu,
na sindano tatu zikaamka, kila moja na usingizi wake.

Halafu, tik.
Waipa zikaanza kukwangua kioo kikavu,
zikilia kama viatu vipya kanisani.
Nikacheka. "Baba, mbona—"
"Iko kwa Mmbone," akasema, "juu ya mabati yake.
Sasa imevuka kijito.
Sasa iko kwenye migomba."

Tone la kwanza likaanguka mbele yangu
na kufutwa papo hapo,
mimi mwenye macho yangu mawili
bado nalitazama jua.